Tiketi za Jumamosi

Karatasi inapotoka kwenye printa ikiwa bado ya moto, harufu yake hunirudisha kwenye duka moja la intaneti pale Saint-Josse, mtaa wetu wa Brussels. Mama amesimama nyuma ya kiti changu, mikono yake inanukia javel, ile dawa ya kusafishia ya ofisi alizotoka kusafisha. Nilikuwa na miaka kumi. Likizo ilikuwa inakaribia kuisha, na alikuwa ametuahidi, mimi na mdogo wangu, kutupeleka kwenye bustani ya michezo. Nilimsomea yaliyoandikwa kwenye skrini, maana macho yake yalikuwa yamechoka: kulikuwa na tiketi za tarehe moja tu, na tiketi za siku yoyote.

"Chagula ya siku yoyote, mutoto yangu," alisema. "Sijue kama ile samedi, siku ya mposho, watanipa congé nisitumike."

Mimi nilijua kuwa mama akisema "siku yoyote", siku hiyo haifiki; kila mara kazi humzuia.

"Iliisha, maman. Inabakia tu ya samedi."

Alifungua pochi, akahesabu noti. "Bon. Tutaenda ile samedi."

Nilikuwa nimemdanganya; za siku yoyote zilikuwa bado zipo.

Jumamosi alirudi asubuhi kutoka zamu ya usiku, akabadilisha blauzi tu, tukatoka. Tulipopanda farasi wa kuzunguka, alitupungia mkono kutoka kwenye benchi. Tuliposhuka alikuwa amelala, mfuko wa chakula mapajani. Mdogo wangu alitaka kumwamsha atupeleke kwenye mashua. Nikamshika mkono. Tulikaa mmoja kila upande wa mama, tukamwegemea ili asianguke, mpaka walipoanza kufunga milango.