Alipangiwa meza, fataki zote zikaharibika

Ni Jumatano asubuhi, na Lorna Skogstad anaikodolea macho chupa ya jamu. Imejaa fataki, vile vikombe vidogo vya shaba vinavyokaa kitakoni mwa ganda la risasi ili kuwasha baruti. Mkono mmoja uko kiunoni. Mwingine unamwonyesha mumewe mlango.

"Nilikuwa napanga meza tu," anasema Verlyn, mstaafu wa reli. "Maboksi mawili yalikuwa yamebaki nusunusu, nikaona nizimimine pamoja kwenye chupa."

"Ukaona! Nani alikutuma uone?"

Lorna, 58, ana leseni ya kuwatengenezea wawindaji risasi kwa kujaza upya maganda yaliyotumika, kazi anayoifanya bandani nyuma ya nyumba yao, Fallon Creek, Montana. Boksi moja lilikuwa la fataki kali, jingine la kawaida. Zikishatoka kwenye maboksi yake, hata yeye hawezi kuzitofautisha.

"Si zote zinawaka?" Verlyn anajitetea.

"Chumvi na sukari zote nyeupe. Nikukorogee chumvi kwenye kahawa?"

Baruti iliyopimwa kwa fataki ya kawaida, ukiiwashia kali, nguvu huzidi ndani ya bunduki iliyoegemea shavu la mtu. Ukikosea upande wa pili, risasi inaweza kusitasita kwenye baridi, na huku milimani baridi haina huruma. Kwa hiyo chupa nzima ni ya kutupwa.

Kununua nyingine nako ni kazi. Zimeadimika tangu masika. Boksi la mia moja lililokuwa dola nne sasa ni kumi na mbili, ukilipata. Na msimu wa kuwinda unafunguliwa Jumamosi.

Mfugaji Orrin Tvedt anaingia kuchukua risasi zake. Ameomba kibali cha kuwinda kulungu dume, kinachotolewa kwa kura, kwa miaka kumi na mmoja, na mwaka huu ndipo bahati nasibu imemwangukia. Anasimuliwa mkasa, anacheka.

"Dada yangu, nijazie hizo hizo. Nikifa sikudai."

"Ukifa atanijia mkeo, na yule mimi simuwezi. Hapana."

Kicheko kinamwisha. "Miaka kumi na mmoja, Lorna."

"Naijua. Kila mwaka unanihesabia."

Verlyn anatimuliwa aende mjini kutafuta fataki nyingine, mwendo wa saa mbili kwa gari. Mchana simu inalia.

"Nimepata! Za kampuni nyingine, lakini fataki ni fataki."

Lorna anafumba macho. Kubadili kampuni ni kuanza upya: kushusha kipimo cha baruti, kukipandisha kidogo kidogo, kwenda uwanjani kupiga shabaha, kurudi mezani. Anataka kupiga kelele, anasema hivyo waziwazi, kisha anavuta pumzi.

"Nunua. Usizifungue. Na ukifika, usipange kitu chochote."

Akikazana, risasi za Orrin zitakuwa tayari Ijumaa. Za wateja wengine atazimaliza Jumamosi na Jumapili, na kibali chake mwenyewe cha kuwinda, kinachowapa nyama ya majira yote ya baridi, ni cha siku hizo mbili tu, kwa hiyo kitapita bure.

Anatumaini nini sasa?

"Orrin arudi na kulungu wake, na vidole vyake vyote," anasema, akivuta mizani ya baruti karibu. "Na Verlyn ale maharage mpaka theluji iyeyuke."

Anapima, anatikisa kichwa, anapima tena.

"Nami nitayala naye. Nitafanyaje? Ndiye mume wangu."