Skrini zisizokuwepo zilivyomgeuka aliyezipa jina

Saa tatu asubuhi, fundi anachomoa waya nyuma ya kompyuta, anasubiri kidogo, anauchomeka tena. Mashine inaamka. Anaiinamia kama anayemhoji mwizi wa kuku.

"Haya, sema. Skrini ya kushoto ni ipi?"

Mashine inaonyesha ya kulia. Fundi anashika kiuno na kusonya msonyo mrefu, hadi mwenzake wa meza ya pili anavua visikizi masikioni.

Kazi ya fundi huyu, mama wa watoto wawili, ni ngumu kuieleza sebuleni: anazitengenezea vitambulisho skrini ambazo hazipo.

Kompyuta nyingi siku hizi hufungiwa kwenye vyumba vya baridi, huku wanaozitumia wakiwa jengo jingine. Hazijachomekwa skrini yoyote, na kompyuta isiyoona skrini hususa. Hutoa picha ndogo yenye ukungu, au haitoi kabisa. Ndipo fundi anapoidanganya. Anaiandikia safu ya namba mia moja ishirini na nane zinazosema: mimi ni skrini, nimetengenezwa na fulani, upana wangu ni huu, na namba yangu ya pekee ni hii. Kompyuta ikishasoma, inaridhika na kuanza kutoa picha, ambayo mtandao huifikisha mezani kwa mtumiaji. Wenyewe wanaziita skrini pepe.

"Ni uongo, sikatai," anasema. "Lakini ukikosea namba moja tu, mashine inakuumbua mbele za watu."

Nyumbani wameshindwa kumwelewa. Baba mkwe humtambulisha kwa wageni kama fundi wa TV, na wageni wakirudi safari ya pili huja na TV zao mbovu.

"Juzi shemeji kaniletea TV iliyomwagikiwa chai. Nikamwambia, shemeji, mimi nashughulika na skrini ambazo hazipo. Akanijibu, basi hii nayo karibu haipo, itazame tu."

Lakini kinachomnyima raha wiki hii si TV ya shemeji. Ni ukumbi mpya wa simu za dharura, unaofunguliwa Jumatatu. Mdogo wake wa tumbo moja ni mmoja wa wapokea simu. Kila mpokea simu anafanyia kazi skrini pepe mbili: kushoto maelezo ya anayepiga simu, kulia ramani ya magari ya wagonjwa.

Wiki iliyopita walifanya zoezi. Umeme ukakatika kidogo, kompyuta zikajiwasha upya. Msimamizi akapiga simu akijifanya mzazi ambaye mtoto wake amepaliwa. Mdogo mtu akapeleka mkono pale alipozoea kubonyeza ili kutuma gari, na simu ikakatika. Skrini zilikuwa zimebadilishana nafasi. Mahali pa kutuma gari palikuwa na kitufe cha kufunga simu.

Hakuna aliyedhurika, maana aliyepiga alikuwa msimamizi tu, chumba cha pili. Hata hivyo, mdogo mtu aliondoka kitini kabla zoezi halijaisha.

"Dada, mkono wangu unaijua njia," alimwambia fundi jioni ile, machozi yakimlengalenga. "Wewe ndiye umeihamisha. Angekuwa mtoto wa kweli je?" Akaapa kwamba ikitokea tena, anaacha kazi.

Fundi alipopekua alikuta mkosaji ni yeye mwenyewe. Aliandika kitambulisho kimoja safi, akakinakili kwa ajili ya skrini ya pili, akasahau kubadilisha namba ya pekee. Majaribio yalipima kila skrini kivyake, na kila moja ikafaulu. Zilipowekwa pamoja zikawa wajina. Kompyuta ikiita, zinaitika zote mbili, na inayowahi ndiyo inayokaa kushoto.

"Nilitaka kujipiga makofi," anasema. "Mimi! Ninayewafokea wenzangu kila siku kwa kunakili!"

Bosi, ambaye ofisi nzima humwita Bwana Inatosha, alishauri wapokea simu wazipange skrini kwa mkono kila umeme unapokatika.

"Mtoto amepaliwa, wewe unapanga skrini? Bosi, hebu tuheshimiane," fundi alimjibu.

Sasa anaviandika upya vitambulisho vyote. Akigusa namba ya pekee, lazima abadilishe na namba ya mwisho, ambayo kazi yake ni kusawazisha hesabu ya safu nzima. Hesabu isipokubali, kompyuta inakitupa kitambulisho chote bila hata kueleza sababu. Na ile mashine ya asubuhi? Anagundua kwamba bado ilikuwa na nakala ya zamani aliyodhani ameifuta. Anajiita jina ambalo gazeti hili haliwezi kulichapa.

Mpango wake ni kwamba kuanzia sasa hakuna skrini itakayopimwa peke yake. Zitapimwa mbili mbili, na umeme utakatwa kwa makusudi, meza kwa meza, kabla ukumbi haujafunguliwa.

"Sihitaji kushukuriwa na mtu. Nataka Jumatatu mdogo wangu aende kazini, basi."

Mchana mdogo mtu anaingia. Salamu yake ni ya nusu mdomo. Anakaa kwenye meza ya majaribio, anaweka mkono tayari, anafumba macho. Dada yake anachomoa waya na kuuchomeka. Mashine inaamka. Mdogo mtu anabonyeza.

"Gari limetoka," inasema sauti ya kompyuta.

Fundi anashusha pumzi na kuvuta kiti akae. Mdogo wake hajafumbua macho.

"Zima tena," anasema.