Tekla na Ziwa la Mama

Nilipokuwa bado darasa la pili pale Mchombe, kazi yangu kubwa ilikuwa kumlinda mama asidhuriwe na Tekla, mdogo wangu wa kunyonya, ambaye hata kutambaa alikuwa hajui vizuri.

Mama alikuwa ameota uvimbe kwenye ziwa la kushoto. Haukumuuma, ila ulikuwa mgumu. Bibi, mama yake baba, aliupapasa mara moja tu, akatoa hukumu.

“Mtoto amekubeulia ziwa.”

Kwetu kila mwanamke aliijua habari hiyo. Mtoto akibeua huku chuchu iko mdomoni, ziwa huvimba, na dawa yake ni kulichana kwa chanuo la mti kila asubuhi. Basi mama akawa anachanwa, nami nakaa mkekani, macho kwa Tekla kama askari wa zamu. Akivuta pumzi tu, namgeuza shingo. Maskini, alilia, na kila alipolia nilizidi kuamini kwamba ana hila.

Chanuo halikusaidia kitu. Mama alipomwomba baba waende Ifakara kuonana na daktari, baba hakufoka. Alicheka kidogo.

“Akushike ziwa mwanamume mwingine? Na wakilikata, mimi nibaki na nini?”

“Utabaki na mimi, baba Anitha.”

Baba akanyanyuka, akaenda kuangalia mpunga.

Mama alikuja kupelekwa baada ya mavuno, ziwa limeshafanya kidonda. Daktari aliyempokea alikuwa mwanamke. Alisema ni saratani, na kwamba tumechelewa sana. Masika yaliyofuata mama hakuyamaliza.

Msibani wanawake walipokezana Tekla huku wakimkagua usoni. “Ndiye huyu?” alinong'ona mmoja. Baba alikaa palepale nje, na hakuna aliyemtazama kwa jicho hilo. Nimekuwa mtu mzima, lakini nikikumbuka bado napandwa na hasira.

Tekla sasa yuko kidato cha tatu. Juzi tulikuwa tunachambua mchele, akaniuliza bila kuinua kichwa, “Dada Anitha, ni kweli mimi ndiye niliyemuua mama?”

Nikamweleza habari za saratani, na za baba, na za kuchelewa. Sikumficha kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akinichunguza macho.

“Wewe unanipenda,” akasema. “Lazima useme hivyo.”

Wakifunga shule nitampeleka Ifakara, aelezwe na daktari. Huenda akamwamini mtu asiye na sababu ya kumpenda.