Mawe Matupu Mgongoni mwa Shangazi

Ukungu bado umelala juu ya miti, na Mama Pacha amepiga magoti mbele ya shimo, nyundo mkononi, anavunja mawe. Jiwe lenye mishipa ya kijani analiweka kulia. Lisilo nayo analitupa kushoto, tena kwa hasira, kana kwamba limemtukana.

Nyuma yake amesimama punda jike anayeitwa Shangazi. Amepewa jina hilo, anasema Mama Pacha, kwa sababu ya jinsi anavyokutazama: unaona kabisa kuna mahali umekosea na unatakiwa ujieleze.

Kazi ya wawili hawa ni kuteremsha shaba. Iliyopo huku juu ni kidogo, mkanda mwembamba tu uliopita katikati ya mwamba. Kampuni moja iliwahi kuleta wataalamu wake, wakapima, wakatazamana, wakafungasha. Mlima wenyewe ni hifadhi, kwa hiyo barabara hairuhusiwi wala mashine. Ndipo Baba Pacha, mumewe, akapata kibali cha kuchimba kwa mkono pamoja na mdogo wake.

"Mume wangu anachimba, mimi nachambua, Shangazi anabeba," anasema Mama Pacha. "Mwenye akili hapo ni mmoja, na hasemi."

Akisema hivyo hacheki. Yamemfika kooni, na hafichi. Kwa wanaume wale wawili, gunia zito ndilo gunia zuri, basi. Awaeleze mara ngapi kwamba mnunuzi anataka shaba, si uzito? Akigeuka kidogo tu, jiwe tupu limesharudi guniani.

Kabla ya Shangazi alikuwepo punda dume, mpole, aliyeteleza kwenye mteremko wa kijito akavunjika mguu. Magunia yake yalipofunguliwa, karibu nusu ilikuwa mawe yasiyo na kitu. Mama Pacha alilia mpaka sauti ikakauka. Kisha akaweka sharti: gunia halifungwi mpaka yeye aone kila jiwe. Mumewe akakubali, na shemeji yake akiwa shahidi.

"Nikimpoteza na huyu, mimi sina nguvu ya kuanza tena," anasema, akimpapasa Shangazi shingoni. "Huyu hajui kusema amechoka. Atakwenda tu mpaka aanguke."

Na dalili zipo. Goti la mbele la Shangazi limevimba. Kila jioni Mama Pacha humkanda kwa kitambaa na maji ya moto, huku Baba Pacha, upande wa pili wa moto, akisema punda ndivyo walivyo. Mwandishi wa makala haya aliyasikia maneno hayo kwa masikio yake, na alitamani kumrushia kitambaa.

Siku ya safari, Baba Pacha alikuwa ameshafunga magunia mwenyewe. Alisema leo kuna mgeni, amwache mkewe apumzike kidogo. Mama Pacha aliguna. Ila kugombana mbele ya mgeni aliona haya, akapakia, tukaanza kushuka.

Hatukufika mbali. Kwenye kijito, pale pale alipoanguka yule wa kwanza, Shangazi alisimama, akagoma. Mama Pacha hampigi. Alimpakua, akafungua gunia la kwanza. Juu palikuwa na mawe machache ya kijani, yamepangwa vizuri. Chini yake, mpaka kwenye kitako cha gunia, mawe matupu. La pili, hivyo hivyo.

Alikaa chini kando ya maji.

"Andika, mwanangu," akasema. "Andika kwamba nimeolewa na mtu mzima, eti."

Safari ikageuka. Tulipanda na punda asiye na mzigo, na njia nzima Mama Pacha alikuwa akiyapanga maneno yake kwa sauti ya chini. Baba Pacha alipotuona alikaa juu ya jiwe. Mkewe alimshushia yote: kama anataka kumzika na huyu pia aseme, kama masikio yake ni ya kutundikia kofia aseme. Kwa kawaida Baba Pacha hujitia hamnazo. Safari hii alimwacha amalize.

"Mama Pacha," akasema, "mkanda umekwisha."

Umekwisha lini? Akaumauma maneno. Tangu kabla ya mvua. Walikuwa wanakwangua mabaki, na hakuthubutu kumpelekea mkewe gunia lililojaa nusu, kwa maana angeelewa mara moja. Aliwasha tochi, akampeleka ndani. Ule mstari wa kijani ulikuwa umekonda ukawa kama uzi, halafu ukapotea. Mbele yake ulikuwepo mwamba wa kijivu tu, kutoka kona hadi kona.

Mama Pacha aliupapasa kwa kiganja, akatoka nje. Alipofungua mdomo, hakupiga kelele.

"Ungeniambia tu. Ningelia siku moja, yakaisha. Sasa muda wote huu mnyama wa watu anabeba aibu yako."

Baba Pacha alizima tochi. Mdogo wake alijifanya anafunga kamba za viatu.

Kuhusu kesho, Mama Pacha hakuhitaji kufikiri sana. Bondeni kuna wakulima wanaobeba viazi vyao kichwani hadi barabarani. Goti la Shangazi likipona, atawabebea, kwa sharti moja: asichoweza kukiinua yeye, Shangazi habebi. Na hakuna mkono mwingine utakaofunga gunia.

"Baba Pacha naye?" aliulizwa.

"Atalima, kwani ardhi ataimaliza pia?"

Jua lilipoanza kuegemea, walikusanya vitu vya kambi kuteremka kwa mara ya mwisho. Baba Pacha, kwa mazoea, alianza kupanga sururu, nyundo na mtarimbo mgongoni mwa punda. Mkewe akaviondoa kimoja kimoja, akaviweka miguuni pake. Akalegeza na sogi yenyewe, lile tandiko la kupakilia mizigo, akaishusha, akashika kamba ya Shangazi na kutangulia.

"Mtarimbo ndio mzito," akasema bila kugeuka. "Anza na huo."