Nguzo Isiyobeba Kitu

Huyu ni Fundi Bila-Msumari, kaka yangu wa tumbo moja, mwana wa fundi aliyeezeka upya kikanisa chetu kwa vigae vya mbao, mjukuu wa mpasuaji aliyezipasua mbao za kwanza za kikanisa hicho kwa msumeno wa watu wawili, yeye juu, shemeji yake shimoni akila vumbi. Ukoo wetu haukuwahi kuomba kazi. Kazi ilitufuata.

Kikanisa chenyewe ni kidogo. Padri akikohoa altareni, aliye mlangoni anampa pole. Hakina msumari hata mmoja. Boriti zimechomekwa ndani ya nguzo, zikakazwa kwa vigingi vya mti. Ila katikati ya mabenchi imesimama nguzo moja isiyofika kwenye boriti. Juu yake pana upenyo: kidole hakipiti, karatasi inapita. Aliyeiweka ni babu. Kwa nini, hakusema. Baba naye alituambia tu tusiiguse, akafa nalo. Maharusi huizunguka, mmoja kushoto, mmoja kulia, na kina mama hucheka kwamba wameanza kuachana mapema.

Mwaka huu ukuta wa upande wa kisima ukaanza kuinama. Padri akasema, kwa upole wake, kwamba paa likitia shaka atakifunga kikanisa, misa ihamie ukumbi wa shule. Kaka akawaza: kazi ya nguzo ni kubeba, na hii haibebi, basi aisaidie. Akachonga kabari, akaigongomea kwenye ule upenyo mpaka boriti ikalia. Kesho yake mlango ukagoma kufunguka, na ukuta wa pili, uliokuwa mzima, ukatoa tumbo. Akaing'oa kabari. Mlango ukafunguka, tumbo likarudi. Ule ulioinama ukabaki vilevile. Nikamuuliza maana yake nini. Akasema angejua, angekuwa anapata usingizi.

Padri akamuuliza mbele ya waumini kama nguzo ikatwe au ibaki. Kaka akajibu kwamba hajui. Fundi, tena wa kwetu! Niliona aibu, kisha nikaona fahari, na hadi leo sijui ipi ilitangulia. Padri akaamua kungoja mvua ziishe: boriti isiposhuka, kikanisa kitabaki wazi.

Tangu siku ya kabari, magoti ya kaka hayapandi ngazi tena. Akamwita binti yangu, fundi cherehani, akamkabidhi kipande cha karatasi ngumu, ile ya kukatia kola.

"Kila mvua ikikatika, panda, uipitishe hii juu ya nguzo. Ikikwama, boriti imeshuka."

"Mjomba, mimi nashona nguo, sishoni nyumba."

"Ndiyo maana nimekuita wewe. Mafundi mbao wa ukoo huu tumeshachanganyikiwa wote."

Binti akaigeuzageuza ile karatasi, akauliza ikikwama afanye nini.

"Uje uniambie," kaka akasema. Akafikiri kidogo. "Na isipokwama pia, uje uniambie."