Niliyemwita Mfuta Vumbi

Admin, ficha jina langu, lakini usipunguze neno hata moja.

Nina miaka themanini na mmoja. Ni Mkongomani wa Lubumbashi, naishi Berea, Johannesburg, ghorofa ya nne, katika jengo ambalo lifti yake ilikufa kabla yangu. Napumua kwa mashine. Daktari ameacha kunipa tarehe ya kurudi, na maana yake naielewa. Kwa miaka ishirini na miwili nimeficha kilichomo chini ya boneti ya gari langu, na Jumamosi hii binti yangu anataka nitie sahihi ili kifichike moja kwa moja.

Nyumbani nilifundisha fizikia. Hapa nilianza kama mlinzi katika yadi ya mnada wa magari ya kale. Nilisoma kila kijitabu cha mnada kilichotupwa, nikawasikiliza wanunuzi wakibishana, hadi nikajua kinachoyapa thamani magari ya kifahari ya Kimarekani, yale marefu yenye mapezi nyuma. Mbio hazihesabiwi sana, wala mng'aro. Wanauliza yalitengenezwa machache kiasi gani. Wanauliza kama karatasi zipo tangu mmiliki wa kwanza, na kama rangi ni ya kiwandani, kwa sababu gari hupakwa rangi ya kwanza mara moja tu. Kubwa kuliko yote, namba iliyogongwa kwenye injini lazima ilingane na karatasi. Ukiweka injini nyingine, hata iwe nzima zaidi, bei inaporomoka. Nikawa mthamini. Watu wenye mashamba na majumba walinipigia simu mimi, mlinzi wao wa jana. Nilikuwa bora kuliko wathamini wao na sioni aibu kusema hivyo.

Gari langu nililipata likiwa na injini iliyopasuka. Rafiki yangu, Mkongomani mwenzangu, nitamwita Kazadi, alikuwa fundi, ana karakana ndogo Joubert Park. Alizunguka yadi za skrepa miezi mitatu hadi akapata injini ya kampuni ile ile, ya mwaka ule ule, ndani ya gari la kubebea maiti. Aliifungua yote. Vipuri ambavyo havikupatikana alivichonga mwenyewe. Kisha akafanya jambo ambalo sijaliona kwa fundi mwingine: alinakili hata uzembe wa wafanyakazi wa kiwandani. Mahali walipoacha tone la rangi likachuruzika, naye aliacha tone likachuruzika.

Nilijua wataalamu wa klabu ya magari ya kale wangesema nini kama wangejua. Niliwahi kuwasikia: gari likishapita mikononi mwa fundi wa Kongo, limekwisha. Basi sikuwaambia. Walikuja na tochi na vioo, wakalala chini ya gari, wakainuka na kuandika kwamba injini haijaguswa tangu kiwandani. Kazadi alikuwa amesimama pembeni ameshika kitambaa. Walipoondoka alicheka mpaka akakaa chini.

"Prof, kumbe mimi nilizaliwa Amerika! Mama alinificha!"

Kama mnangoja nilie kwa sababu niliwadanganya watu wale, mtangoja sana. Walishindwa kutofautisha mkono wa Kazadi na kiwanda kizima.

Ninalojutia ni jingine. Kazadi alipofariki, kwenye matanga, katika ukumbi wa kanisa, marafiki walisimama mmoja mmoja kutaja kazi za marehemu, kama desturi yetu ilivyo. Mjane wake akanigeukia.

"Papa Prof, bwana yangu alikuwa anasema ile moteri ya gari yako alijenga yeye. Batoto yake banamuita muongo. Sema mbele ya batu."

Nyuma ya ukumbi alikaa mtu mmoja wa klabu, amekuja kutoa pole. Nilimwona. Nikasema, "Kazadi alikuwa ananifutia vumbi garini. Alikuwa mtu mwema." Wanawe wawili wakainamisha vichwa. Mama yao hakunisemesha tena, na ni haki yake.

Sasa mnunuzi amepatikana. Binti yangu Solange, anayesuka nywele kutwa ili mimi nile, anataka tutoke kwenye chumba hiki, tununue nyumba. Jana alinishikisha kalamu.

"Papa, sign tu. Ni mstari mmoja."

"Huo mstari unasemaje?"

"Kwamba haijaguswa tangu kiwandani."

"Nikikataa?"

"Eish, Papa! Basi tuna skrepa yenye mapezi. Utaiendesha nayo hiyo mashine yako ya kupumua?"

Nilicheka, nikakohoa, akanishika mgongo. Hajui chochote. Anaamini karatasi ya wataalamu kama anavyoamini Biblia.

Nishaurini, ila si kuhusu sahihi. Hiyo sitaitia, na kalamu nimeikalia. Niambieni jinsi ya kumtazama mwanangu machoni nikiivunja nyumba aliyokwisha kuipangia mapazia. Niambieni kama mjane yule atakubali kupanda ngazi za ghorofa nne kumsikiliza mtu aliyemdhalilisha hadharani, au nibebwe kwake na mashine yangu. Wengine mtasema ningesubiri nife. Nimesubiri vya kutosha.

Na kama pumzi itaniishia kabla hamjajibu, wanawe Kazadi wasome hapa. Baba yenu hakuwa mwongo. Injini ile aliijenga yeye, mwanzo hadi mwisho. Namba tu, ile ya kulingana na karatasi, alikataa kuigonga. Alisema yeye ni fundi, hiyo si kazi yake, akanipa nyundo na kutoka nje. Fungueni boneti mtazame: tarakimu ya saba imeinama kushoto. Hapo ndipo mkono wangu ulitetemeka.