Kibati cha Basema

Majuzi mbwa wa jirani mpya alipita mbele ya mlango wangu hapa Kabondo, mjini Kisangani, kibati cha shingoni kikigonga pete ya mkanda wake, ti, ti, ti. Nikasimama kumsikiliza mpaka pondu yangu, mboga ya kisamvu, ikaungua jikoni.

Utotoni, kule Mangobo, tulikuwa na mbwa mwekundu aitwaye Basema, yaani "wanasema". Mama ndiye aliyempa jina, ili kila akimwita, majirani wenye midomo wapate ujumbe wao. Mwaka ule mtoto wa mtaa wetu aling'atwa na mbwa mwenye kichaa, akafa. Komini, serikali ya mtaa, ikapitisha kipaza sauti: mbwa asiye na kibati cha chanjo atapigwa risasi. Papa akampeleka Basema kuchanjwa, akarudi naye ana kibati chenye namba shingoni, nasi tukalala usingizi.

Kisha Koko, baba yake Papa, akapanda mto kutoka Yanonge na kapu la samaki wa moshi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, Mama alisema akimpokea. Ningali nausikia msemo ule, na unanichoma.

Koko alikuwa mwindaji. Kwao mbwa wa mawindo huvalishwa kengele ya mti, maana akiwa msituni habweki, na kengele ndiyo humwambia mwenyewe alipo. Alimpenda Basema siku ileile. Kesho yake, Papa akiwa kazini na Mama sokoni, alikaa uani akichonga, harufu ya mti mbichi ikishindana na ya samaki. Alipomaliza akamvua Basema mkanda, akautundika kwenye msumari, akamvalisha kengele.

"Ile ya bati inalia sawa kijiko," akasema. "Mbwa ya maana inavalaka hii."

Basema akatoka barabarani kwa maringo ya chifu, ko, ko, ko, nasi watoto tukacheka hadi machozi. Kengele ikafika kwenye kona ya fundi baiskeli. Bunduki ikalia mara moja, na kengele ikanyamaza.

Koko alikimbia bila viatu. "Iko mbwa yetu! Hamusikie kengele?"

"Kengele ni ya nini, papa?" polisi akamuuliza, kwa upole kabisa. "Medaye yake ya chanjo iko wapi?"

Koko alirudi amembeba Basema kifuani, shati limelowa damu. Jioni Papa aliutazama mkanda pale msumarini, akaingia ndani. Heri angegomba. Koko alishuka na mtumbwi wa kwanza kwenda Yanonge, na hakukanyaga tena Kisangani mpaka kufa kwake.

Kwa miaka mingi niliamini ni aibu iliyomfukuza. Nilikuja kumwelewa nikiwa mtu mzima, kwenye kizuizi cha barabarani, askari akiitazama picha ya kadi yangu ya kitambulisho bila kunitazama usoni. Yanonge kengele inatosha, kwa kuwa kila aisikiaye anajua mbwa ni wa nani. Kibati ni kwa ajili ya wasiokujua, na mjini wasiokujua ndio wenye bunduki. Koko aliliona hilo siku moja tu, pale kwenye kona, naye hakuwa na kibati chochote cha kumlinda.

Nilipomaliza kuisugua sufuria ile ya pondu, nilijiandaa kwenda sokoni. Mlangoni nikapapasa mfuko kwanza. Kadi ilikuwamo.